Selpha Nabwile na Mafuta ya Karafuu

Mama Selpha Nabwile alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, upande wa Voi. Baba yake, mzee Makokha, alikuwa ametoka Bungoma kuja kukata mkonge, akiahidi kurudi kwao baada ya mwaka mmoja. Hakurudi. Selpha alikuwa mtoto wake wa tatu, na tangu utotoni alijulikana kwa pua yake. Nyumba zile zilipangana safu moja, naye akitoka shule alipita nje ya milango iliyofungwa akitangaza nani anapika omena na nani ameunguza maharagwe. Jirani mmoja alimchapa kwa ajili hiyo. Mama huyo alikuwa amewaambia wageni wake kwamba nyumbani hamna kitu, na Selpha akaitaja nyama kwa sauti kubwa.

Alisoma katika shule ya msingi ya pale shambani, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1986 na kupita vizuri. Aliingia sekondari mjini Voi. Alikuwa kidato cha pili mashine ya kuchakata mkonge ilipomkata mzee Makokha mkono wa kulia, na masomo yakaishia hapo.

Mwaka wa 1990 aliajiriwa kuosha vyombo katika hoteli moja mjini Voi. Mpishi mkuu, mzee Maundu, alikuwa na chupa ndogo za mafuta ya kunukia ya kutia kwenye chakula: ya ganda la chungwa, ya ndimu, ya iliki, ya mnanaa na ya karafuu. Alipoona msichana huyu anazitambua zikiwa zimefungwa, alimtoa kwenye sinki akamweka mezani. Alimfundisha kuyasugua mafuta kwenye sukari kwanza, kwa sababu hayapatani na maji. Ukiyamwaga ovyo yanakaa mahali pamoja, mlaji mmoja akayapata yote. Ukali wa karafuu alimwonyesha kwa kumdondoshea tone moja kwenye ulimi. Ulimi uliwaka, kisha ukafa ganzi.

"Sasa unajua," Maundu alimwambia. "Usimfanyie mtu."

Obadiah Mwanjala, kijana wa Mbololo aliyefanya kazi ya reli, alionja keki yake ya chungwa pale hotelini akauliza ametia nini. Selpha akamjibu kwamba jambo hilo huambiwa wazee wakija nyumbani. Wazee walikwenda. Selpha na Obadiah walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Agosti 1995, wakajaliwa watoto wawili: Wakesho, anayewasomea maneno haya, na Ben.

Mwaka wa 2009 Selpha alifungua duka lake la mikate na keki Maungu, kando ya barabara kuu. Madereva wa malori walisimama hapo kwa ajili ya mkate wa iliki. Mwaka wa 2013 alimchukua msichana aliyekuja kutafuta kazi, Nthambi, akamlaza chumba kimoja na Wakesho na kumfundisha yote aliyoyapata kwa Maundu. Wateja walimwita "msichana wa Selpha", na Selpha alifurahi kusikia hivyo.

Mwishoni mwa mwaka wa 2021 pua yake ilianza kufifia. Alidhani ni masalio ya korona, akangoja ipone. Haikupona. Aliona haya kumwambia mumewe, maana mwokaji asiyenusa ni kama fundi cherehani asiyeona. Aliyemwambia ni Nthambi peke yake. Wakapatana kwamba Selpha atachanganya na Nthambi atanusa.

Tarehe 10 Desemba 2022 ilikuwa harusi ya Cynthia, binti wa ndugu yake Obadiah, huko Rukanga, Kasigau. Keki ilikuwa ya chungwa na karafuu. Wakati wa kuchanganya, chupa ya karafuu ilimponyoka Selpha kidogo, na hakujua ni kiasi gani kilichoingia kwenye sukari. Alimsogezea Nthambi bakuli.

Nthambi aliinama, akanusa. "Iko sawa, Mama Wakesho."

Keki ilibebwa hadi Kasigau kwa ile barabara mbovu, ikafika bila ufa. Bibi harusi alilishwa kipande chake, akakitema kwenye gauni lake. Waliokuwa wamekwisha kula walishika midomo. Watoto walilia, na mzee mmoja akatapika mbele ya meza ya maarusi. Derrick, mshereheshaji aliyeshika kipaza sauti, aliuliza kama hii ni harusi au kliniki ya meno, na umati ukaangua kicheko. Selpha alikuwa bado amesimama na kisu mkononi. Ndipo Nthambi akaomba kipaza sauti. Aliwaomba watu radhi kwa upole, akasema mama amechoka na tangu siku hiyo keki zitakuwa mikononi mwake. Walimpigia makofi. Selpha naye alimkumbatia, akamshukuru kwa kumfunika aibu.

Baada ya hapo aliitwa Mama Ganzi. Akipita stendi ya Maungu, vijana walitoa ndimi nje wakazishika kwa vidole. Akina mama wa kanisa walimwondoa kwenye zamu ya jikoni, na wengi wao wako hapa leo. Kufikia mwaka wa 2023, mwenye nyumba alikuwa amempangisha Nthambi lile duka, na jina la Nthambi likapakwa ukutani. Selpha aliendelea kufika kila asubuhi. Aliosha sinia.

Mwezi wa Julai 2024 alianguka pale sinkini. Huko Mombasa alipigwa picha ya kichwa, na daktari akamwambia kuna uvimbe uliokuwa ukikua kwa miaka, ukikandamiza mishipa ya kunusa. Familia ililia. Yeye alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi: ulikuwa ugonjwa, haukuwa uzembe. Alituma Nthambi aitwe ili amweleze habari hiyo. Wakesho alikuwa kando ya kitanda.

"Siku ile ya Rukanga," Selpha alimuuliza, "ulikuwa na mafua?"

"Hapana."

"Ulinusa?"

"Nilinusa. Ilikuwa imezidi sana." Nthambi hakuinua uso. "Nilichoka kuitwa msichana wako."

Selpha akamwomba Wakesho amfungulie mgeni mlango.

Alipasuliwa mwezi wa Septemba, na uvimbe ukarudi. Mwezi wa Januari macho yaliondoka. Aliaga dunia tarehe 9 Februari 2025, nyumbani kwake Mbololo. Hakufa usingizini, kama tulivyowaambia watu kwenye simu. Aliumia hadi mwisho.

Mchungaji aliiomba familia iandike hapa kwamba marehemu aliwasamehe wote waliomkosea. Hatukuandika, kwa sababu alikuwa ameshamkataza Wakesho. "Watasema nimemsamehe kwa sababu siwezi kujibu," alisema. "Sijamsamehe. Uwasomee hivyo hivyo."

Mikate mnayokula leo imeletwa na Nthambi. Familia imeipokea, maana watu wametoka mbali na wana njaa.

Marehemu amemwacha mume wake Obadiah, watoto wake Wakesho na Ben, mjukuu mmoja, na ndugu zake wawili, Wabwire na Josephat. Wazazi wake wote wawili walimtangulia.

Pumzika kwa amani, mama, na neno lako tumelifikisha.