Kanarka wa Mabawa ya Kitani, 1941–1987

Sogeeni, jamani, sogeeni hadi ukingoni mwa shimo, walio nyuma wasije wakasema hawakusikia, viwekeni vikombe chini, na wewe Orysia, jirani yangu, mfunge mbwa wako, tunyamaze tumsindikize marehemu, maana ijapokuwa alikuwa ndege, alikuwa wa kwetu.

Marehemu Kanarka, ndege ya mafunzo ya jeshi, mwenye mabawa manne ya mbao na kitani, alizaliwa kiwandani Toronto tarehe 14 Machi 1941, akapakwa rangi ya njano iliyompa jina, la yule ndege mdogo wa njano aimbaye kizimbani, akaletwa huku kwetu Saskatchewan kwa treni, ndani ya sanduku, akafika shule ya urubani ya Bonar tarehe 2 Aprili. Kusoma hakusoma, yeye ndiye aliyekuwa shule. Watoto wake ni vijana 214 waliojifunza kuruka naye, wengine wakitapika, wengine wakiwalilia mama zao, na wote aliwarudisha chini wazima.

Kazini alipata ajali moja, tarehe 17 Agosti 1943, kijana mmoja alipomtua juu ya seng'enge za shamba la shayiri, bawa la chini likachanika kama suruali ya mlevi. Mkaguzi akataka avunjwe, awe vipuri. Mimi Paraska nilikuwa mshonaji wa mabawa pale, nikaomba siku tatu, nikashona mpaka vidole vikafa ganzi, na mkaguzi aliporudi akauliza, "Mashono haya ya nani?"

"Yangu, afande."

"Basi desturi unaijua, dada, aliyeshona ndiye anayepanda siku ya majaribio."

Onufry, fundi wa injini, akacheka, "Leo ndiyo tutajua kama ulishona bawa au gunia la viazi!"

Nikapanda, kwa maana nikikataa Kanarka anavunjwa, na huko juu mwalimu aliyemrusha akaniita kwa bomba la kusemea, "Uko hai, dada?" nikamjibu, "Niko hai, ila ukigeuza tena hivyo, supu ya borshi niliyokunywa itatangulia kushuka!" Uzi haukukatika hata mmoja, na jioni ileile Kanarka akarudishwa kazini.

Kwa upande wa ndoa, marehemu aliishi na injini mbili, ya kwanza ikamshinda, ya pili akadumu nayo hadi kufa kwake, nami nilifunga na Onufry huyuhuyu mcheshi, tarehe 6 Februari 1944.

Vita vilipokwisha, ndege ziliuzwa kwa wakulima, waliozitaka kwa matairi na petroli iliyosalia, na tarehe 11 Mei 1946 Onufry akamleta Kanarka nyumbani akivutwa na farasi wawili, naye Onufry shoka begani.

"Mbao hizi, mke wangu, ni banda la kuku tosha."

"Mguse na shoka hilo, leo hii narudi kwa mama."

"Kwa ajili ya ndege?"

"Kwa ajili ya ndege."

Shoka likarudi ghalani, na Kanarka akaingia humo mzima, wajukuu wakamwendesha hadi mwezini, maharusi wakapiga picha kando yake.

Uzeeni aliugua panya, waliomla kitani, na tarehe 22 Februari 1987, saa nne asubuhi, paa la ghala lililemewa na theluji likamwangukia, uti wa mgongo ukavunjika. Tumengoja hadi leo, 2 Mei, ardhi ilainike.

Tunawashukuru mafundi wa matrekta, waliokuwa madaktari wake, majirani waliochimba, na washonaji wenzangu wanne waliobaki, waliofika na mikongojo yao. Pumzika kwa amani, Kanarka, huko chini upepo haukutafuti tena.

Urithi ni huu: magurudumu ni ya jirani Petro Yakimets, kwa toroli lake, tangi ni la Orysia, la kumwagilia matango, pangaboi ni la ukumbi wa kanisa, injini ni ya mjukuu wangu Daria, anayesomea urubani, na mabawa mawili yaliyosalia nampa mume wangu Onufry, aliyevumilia bila banda la kuku miaka arobaini na mmoja, ila ajue kuku wamehamia humo tangu jana, hata mlango hajapigilia.