Risala ya Wafugaji Kombe Kuhusu Mahali Palipoandikwa Patupu

Mgeni rasmi, viongozi mlioketi kivulini, na sisi wenyewe tuliobaki juani, salamu kwenu nyote.

Karibu. Waliotutangulia walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi maneno hayo tumeyashika kama yalivyo. Kuna mahali tunaumwa kidogo. Tutakuonyesha, lakini kwanza tufahamiane.

SISI NI NANI

Tuko thelathini na mmoja, kutoka pande mbili za mkondo huu wa bahari unaouona nyuma ya spika. Upande wa kulia ni waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha barafu, ambacho kilifungwa miaka sita iliyopita. Upande wa kushoto ni mafundi wa karakana ya boti. Karakana haijafungwa, ila siku hizi boti ya kutengeneza inasubiriwa kama mvua. Mwenyekiti wetu ametoka kwenye barafu. Makamu wake ametoka karakana, ni mama mzamiaji tunayemwita Pumzi, kwa jinsi anavyokaa chini ya maji mpaka watu wanaanza kumwombea.

Tunafuga kombe. Kwa asiyemfahamu, ni yule mnyama wa baharini mwenye magamba mawili yenye mistari, kama upepeo uliokunjuliwa, na ndani ana mnofu mweupe mtamu. Kombe halishwi. Anachuja chakula chake mwenyewe majini, vijidudu na vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji anayaacha safi kuliko alivyoyakuta. Mfugaji wa kuku akisikia habari hizi huona wivu.

TULIVYOANZA, NA AIBU YETU

Mgeni rasmi, risala nyingi huficha makosa. Ya kwetu hayafichiki, maana mtaa mzima uliyasikia.

Mwaka wa kwanza tulikuwa watu wa barafu peke yetu. Tulikuwa tumewahi kuona chaza wakifugwa. Chaza akishajibandika mahali, hapo ndipo kwake mpaka kufa. Tukasema kombe naye ni ndugu yao. Tukatengeneza vizimba, tukavitua chini ya maji, tukapanga kombe elfu mbili humo. Mfuniko hatukuweka. Nani anamfungia mlango mtu asiye na miguu?

Wiki ya tatu tukavuta vizimba, vitupu.

Mwenyekiti alibeba kizimba kimoja begani, akavuka daraja hadi karakana.

"Dada, rudisheni kombe wetu, mambo yaishe kindugu."

Pumzi alikuwa anakwangua kitako cha boti. Hata hakuinua kichwa. "Kombe gani, kaka? Sisi hapa kazi yetu kupaka rangi. Tumewachukua tuwapake?"

"Hawana miguu. Kitu kisicho na miguu kikihama, kimebebwa."

"Basi nenda kamtafute aliyebeba. Na hicho kizimba kitoe hapo, kinachuruzika kwenye rangi yangu."

Miezi minne hatukusalimiana. Watu wa pande mbili wakikutana darajani, kila mmoja anaangalia maji.

Siku moja fundi wa karakana akaangusha spana mkondoni, na Pumzi akazama kuitafuta. Alipoibuka hakuwa na spana. Alikuwa anacheka hadi anakunywa maji. Akaja mwenyewe mpaka kwetu, nguo zinatiririka.

"Kaka mwenyekiti, wezi wako nimewaona. Wamejiiba."

Kumbe kombe anaogelea. Anafungua magamba na kuyafumba kwa nguvu, pu pu pu, maji yanaruka nyuma na yeye anakwenda mbele, kama meno ya bandia ya babu yamepata safari. Hafiki mbali kwa mara moja, lakini kutoka vizimbani hadi ng'ambo ni hatua sitini tu, na mkondo uliwasukuma. Walikuwa wametulia upande wa karakana, kwenye mchanga, kama wako kwao.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Tulivuka daraja sote na samahani yetu, tukaambiwa samahani peke yake haikwangui boti. Tukakwangua boti tatu. Tangu siku hiyo sisi ni chama kimoja.

TULIYOJIFUNZA NA TULIYOYAPATA

Kombe wale hatukuwarudisha. Pumzi alisema, "Waacheni. Waliotoroka wakaishi wana akili kuliko waliowafuga." Na kweli, pale walipotorokea ndipo pamekuwa chumba cha wazazi. Kombe hutoa mayai kwa mamilioni, na mbegu pia, yote yanakutana majini. Ndiyo maana lazima wazazi wakae karibu karibu, wakitawanyika ukoo umekwisha. Vitoto vinaelea kama wiki tatu, halafu vinatafuta pa kushika. Sisi tunavitegea mifuko ya vitunguu iliyojazwa nyavu chakavu. Vikishika, tunavihamishia kwenye vizimba, na siku hizi vina mifuniko. Baada ya miaka miwili hivi kombe anajaa kiganja. Umri wake hauulizwi, unahesabu pete za gamba.

Msimu uliopita kila mfuko tulioupandisha ulikuwa na vitoto mia na zaidi. Watu kumi na wanne waliokuwa wamefunga mizigo kwenda kutafuta kazi kwingine wamefungua mizigo. Banda hili unalolizindua leo tumelijenga kwa mbao za kiwanda cha barafu, ndiyo maana milango yake ni minene namna hiyo.

TUNAPOUMWA

Mgeni rasmi, tumeona mashine ya kuchimba mkondo imetia nanga. Tumefurahi. Boti zikipata kina, karakana itapata kazi. Chimbeni.

Ila tope litakalochimbwa lina mahali pa kumwagwa, na kwenye ramani mahali hapo pamechorwa duara na kuandikwa "patupu". Ndani ya duara hilo ndimo wanamokaa wazazi wote wa kombe wetu. Kombe anapumua kwa matamvua kama samaki. Tope likimfunika, hana pa kuogelea. Wakifa hao, mwakani mifuko itapanda na nyavu chakavu tu, na wale kumi na wanne watafunga tena mizigo.

Mpima ramani hatumlaumu. Alipita juu kwa boti, akaona maji. Hata sisi tuliowalaza vizimbani kwa mikono yetu tuliapa hawatembei.

OMBI

Ombi ni moja. Tope limwagwe nyuma ya ukuta wa mawe, hatua mia nne kutoka pale. Huko Pumzi amezama mara tisa na hakukuta kitu, hata ile spana.

Tunajua karatasi ya kuruhusu kazi iko kwenye mkoba wa msaidizi wako, na kwamba ratiba inasema utaisaini baada ya chakula. Tunaomba ratiba ipinde kidogo. Boti iko hapo ngazini, na ndani yake kuna ndoo tuliyoiwekea kitako cha kioo. Ukiizamisha kidogo na kuinama, utaona chini vizuri kama unavyoona sakafu hii.

Tunakutahadharisha jambo moja usije ukashtuka. Kombe ana macho, tena mengi, yanafika mia mbili, madogo ya buluu, yamepangwa ukingoni kama shanga. Kivuli chako kikipita watakuona kabla hujawaona. Ukishatazamana nao, hapo hapo botini, kalamu tutakupa sisi.

Chakula ni kombe wa vizimbani, na kiko tayari. Utaratibu wetu ni ndoo kwanza, sahani baadaye.

Mungu akupe afya, akuongezee busara, na akurudishe salama kwa wanaokusubiri nyumbani.

Ni sisi,
Wafugaji Kombe wa Pande Mbili za Mkondo