Sala ya Kimakua kwenye Mteremko wa Kitangari

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe asubuhi hii, na amani yake iwe kwenu mliokaa na kwenu mliosimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni binti wa hapa hapa Lulindi. Wengi wenu mnanijua kwa baba yangu, Mwalimu, aliyefundisha katekisimu katika chumba cha nyuma ya kanisa hili mpaka macho yake yalipochoka. Niliolewa Kitangari, huko juu, na huko naitwa Mama Agnes.

Niseme mapema kwamba sina ushuhuda wa pombe wala wa waganga. Zamani nilipowasikia watu wakishuhudia jinsi walivyotolewa kwenye ulevi, nilikuwa nakaa kimya nikijiambia kwamba mimi sina cha kueleza. Nilibatizwa nikiwa sina jino hata moja. Nilipata kipaimara kwa wakati wake, nikafunga ndoa kwa wakati wake. Nilikuwa naijua ibada yetu nzima ya Kianglikana kwa moyo, majibu yote, zaburi zote za Kwaresima. Nilikulia ndani ya moshi wa uvumba, na mtu aliyekulia ndani ya harufu haisikii tena. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na Mungu. Alikuwapo nyumbani kwetu siku zote, lakini sikumbuki kama niliwahi kumwambia neno.

Ile miaka niliyoolewa ndiyo miaka serikali ilipofungulia watu binafsi biashara. Mikorosho iliyokuwa imeachwa na kumezwa na vichaka, watu walianza kuirudia. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka vijijini, mitumba ikajaa magengeni, kila nyumba ikatafuta redio. Mume wangu alifyeka shamba la marehemu babu yake, na mimba yangu ya kwanza ilikua pamoja na maua ya ile mikorosho. Tukampata Agnes. Alikuwa mtoto wa kucheka peke yake. Alikuwa ameanza kuwapa kuku majina, na kila kuku alimpa jina la shangazi yake mmoja.

Homa ilimshika, ikaja na degedege, na kabla hatujapata usafiri wa kumpeleka hospitali ya Newala, akatutoka mikononi.

Ndugu zangu, niliimba kwenye mazishi ya mwanangu. Nilikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, wenzangu walikuwa wakinitegemea, nikaimba beti zote mpaka mwisho bila kukosea. Watu walisema, tazameni imani ya yule mama. Mimi mwenyewe nilidhani ni imani. Sikulia. Sikulia siku ile wala siku zilizofuata.

Baada ya hapo niliishi kama mtu anayeota huku anatembea. Ninyi mnaopanda kule juu mnajua ukungu wa kipupwe, unavyopanda kutoka bondeni ukafunika nyumba, ukabaki unasikia watu wanaongea usiwaone. Ndio wakati ambao wanaume wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, alfajiri, umande ukingalipo, na ule unga wa njano unachanganyika na ukungu mpaka miti inaonekana kama inaelea. Mimi nilikuwa ndani ya ule ukungu hata jua lilipowaka. Nilipika, nilipalilia, nilikwenda kanisani. Watu walinisalimia, Mama Agnes, hujambo, nami nikajibu sijambo, na kila mara lile jina lilipita karibu yangu kama la mtu mwingine. Mume wangu naye alinyamaza. Tulikula sahani moja tukitazama ukuta. Hakuna aliyemtaja mtoto.

Mwaka huo pampu iliyokuwa ikipandisha maji ilikufa. Wenye uwezo walinunua maji ya gari. Sisi wengine tulirudia njia ya bibi zetu, kushuka bondeni kisimani na kupanda tena na ndoo kichwani. Ni mteremko mkali, wenye mawe yanayoteleza, na kupanda kwake kunakausha koo.

Jirani yangu alikuwa Mama Zuhura, Mmakonde wa pale pale, mwanamke Mwislamu mwenye maneno mengi na moyo mkunjufu. Tangu msiba wetu yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiingia kwangu bila hodi, akakaa, akachambua mboga zangu akizungumza ya kwake. Alikuwa mjamzito, tumbo kubwa. Tulimkataza kushuka, akasema watoto wake watakunywa nini, na siku zake bado.

Asubuhi moja tulikuwa tunapanda, mimi na yeye nyuma, wenzetu wametangulia. Ukungu ulikuwa mzito, hata miguu yangu mwenyewe niliiona kwa shida. Nikasikia ndoo yake imeanguka. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, ameegemea jiwe, maji yanatiririka kumpita, na uso wake umebadilika. Mtoto alikuwa anakuja.

Niliwaita wenzetu. Sauti yangu iliingia kwenye ukungu ikapotelea humo. Nikatandika kanga yangu. Mimi si mkunga, nilikuwa nimezaa mara moja tu, na yale niliyoyajua ni yale niliyofanyiwa. Uchungu ulikuja na kuondoka, ukaja tena, na mtoto hasogei. Mama Zuhura alikuwa amemwita Mungu kwa dua zake mpaka sauti ikakauka. Mwishowe akanishika mkono.

"Mama Agnes," akasema, "mimi nimeishiwa nguvu. Wewe ni mtoto wa kanisa. Niombee."

Nikafumba macho, nikaanza Baba Yetu. Maneno yalitoka vizuri, yamepangana kama siku zote. Nilikuwa sijafika katikati akanikaza mkono.

"Hiyo unasoma," akasema. "Mwambie. Kama unavyoniambia mimi."

Ndugu zangu, nilifungua kinywa, na hapakuwa na kitu. Sala zote nilizozijua, zaburi, litania, majibu yote aliyonifundisha baba yangu, nilizitafuta nisipate pa kushika hata moja. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mawe, binti wa mwalimu wa dini, na sikujua namna ya kumwambia Mungu jambo moja tu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niliona kwamba maisha yangu yote nilikuwa nikimzungumzia, sikuwahi kuzungumza naye.

Kisha maneno yakatoka, na hayakutoka kwa Kiswahili cha kanisani. Yalitoka kwa Kimakua, lugha ya mama yangu ya jikoni, ambayo sikuwa nimewahi kuitumia kumwita Mungu. Nilimwambia: "Ulimchukua Agnes na sikukuuliza kitu. Nina hasira na wewe. Huyu mwache. Nakuomba, huyu mwache, na usiondoke hapa."

Hayo tu. Hayakuwa na amina.

Sikuona malaika. Sikusikia sauti. Nitawaambia kilichotokea, na kama kinaonekana kidogo, basi ni kidogo. Palitulia. Mnajua mtu anavyoingia msibani akakaa mkekani kando yako, hasemi pole wala nini, lakini unajua amekaa? Ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na aliyekaa.

Mama Zuhura akasukuma, kichwa kikatoka, nikaona kitovu kimemzunguka mtoto shingoni. Nikakipitishia kidole, nikakilegeza, nikakipitisha juu ya kichwa. Akatoka mwili wote mikononi mwangu, rangi ya majivu, kimya. Nikamfuta kinywa. Nikamlaza kifudifudi kwenye mkono wangu, nikamsugua mgongo kwa pindo la kanga, nikawa namwambia yule aliyekaa, kwa Kimakua kile kile, usiondoke, usiondoke. Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia.

Mkunga wa zahanati aliniambia baadaye kwamba kule kumsugua ndiko kulikomwamsha. Simpingi. Lakini nawauliza, mimi niliyekuwa kama mtu aliyelala, nani aliniamsha nikasugue?

Kilio kile kilifika kule ambako sauti yangu haikufika. Wanawake wenzetu walishuka wakikimbia, ukungu ukawatoa mmoja mmoja, wakampokea mama na mtoto. Mimi nilibaki nimekaa pale pale kwenye matope. Hapo ndipo nilipomlilia Agnes. Nililia kwa sauti kama mtu aliyepata habari ya msiba saa ile ile. Mama Zuhura, amebebwa kwenye kanga na wanawake wanne, akawaambia, "Mwacheni alie. Alichelewa."

Mume wangu alirudi kutoka shambani amejaa unga wa salfa mpaka kwenye kope. Nikamwambia yote, hata lile la kwamba nilimkasirikia Mungu mbele ya uso wake na hakuniacha. Alinisikiliza amesimama. Kisha akakaa kizingitini, akasema, "Agnes alikuwa akimwita yule tetea mwekundu shangazi Fausta." Akacheka, na machozi yakachora mistari kwenye ule unga wa njano. Siku ile tulizungumza habari za mtoto wetu mpaka chakula kikapoa.

Watu huniuliza kama Mungu alinipa mtoto mwingine. Hakunipa. Pampu nayo ilichukua muda mrefu kutengenezwa, tukaendelea kushuka na kupanda. Lakini ule ukungu uliokuwa ndani yangu uliondoka, haukurudi tena. Watu wakiniita Mama Agnes sasa naitika, kwa sababu ndimi.

Niliogopa jambo moja, kumweleza baba yangu. Ningemwambiaje mtu aliyenifundisha dini kwamba ndiyo kwanza nimekutana na Mungu? Niliteremka kuja hapa Lulindi, nikamkuta amekaa barazani, nikapiga magoti, nikamweleza. Akageuza uso kuelekea kanisani. Nikadhani nimemvunja moyo.

Akasema, "Mimi ilikuwa siku alipokufa mama yako. Kabla ya hapo nilikuwa nafundisha tu."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Niliona haya," akasema. "Nilikuwa mwalimu."

Baba hayupo tena, amelala hapo nje. Kabla hajaondoka aliniruhusu niwaambieni hayo, alisema huenda yupo mwingine anayeona haya.

Basi nasema nawe, mzee wa kanisa, mama wa umoja wa wanawake, mwanakwaya, mtoto wa padre. Nasema nawe uliyezaliwa humu ndani, usiyekumbuka siku uliyoingia kwa sababu hukuwahi kuwa nje. Sikuombi uache kitabu cha sala. Mimi ninacho, na sasa kila neno lake nalisikia. Nakuomba umwambie Mungu jambo lako lenyewe, hata kama ni hasira, hata kama ni swali ambalo unadhani Mkristo haulizi. Hatakimbia. Nilimjaribu mahali pabaya kuliko hapa, na alikaa.

Sitawaita mbele, wala hakuna haja ya kunyoosha mkono. Nashukuru kwa kunisikiliza. Nitakaa sasa, na Padre ameniruhusu kuwaomba tunyamaze wote kidogo, kila mtu na lugha aliyozaliwa nayo. Anza wewe. Yeye ameshakaa hapo kando yako.