Diski Tatu na Daftari Mbili

Bwana Yesu asifiwe, kanisa! Asifiwe tena, maana leo nimekuja na hasira zangu na sitazificha mbele za Mungu.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mueni, na mamangu yule pale ni dobi wa hoteli Diani. Mliniombea nilipokwenda chuo kikuu kusomea sayansi, mkapiga na vigelegele. Lakini mliposikia kwamba ndani ya sayansi hiyo najifunza kutunga programu za kompyuta, nyuso zikabadilika! Mwaka elfu mbili unabisha hodi, mkasema, na kompyuta ndiyo yule mnyama wa Ufunuo. Mnyama gani huyo, ambaye asipoambiwa la kufanya hajui hata moja na moja?

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hutunga programu yake na kuionyesha mbele ya walimu. Usipoionyesha, shahada huna. Yangu ilikuwa ya kufuata nguo za wageni hotelini: shati limeingia lini, liko kwa nani, limerudi chumba gani. Mamangu aliwahi kuitwa mwizi wiki nzima kwa sababu ya shati la mgeni, kumbe limepelekwa chumba cha jirani. Lilipoonekana, hakuna aliyemwomba radhi. Hata mmoja!

Chuoni kompyuta zilikuwa chache, zamu yako saa moja tu, na jioni kila kilichomo kwenye mashine kinafutwa. Kwa hivyo kila mstari niliuandika kwanza kwa penseli daftarini, likizo nzima, mama akiniona. Kisha nikaenda kuuchapa. Kazi ya miezi minane ikaingia kwenye diski tatu, nikaja nazo nyumbani Ukunda. Mashine ya kuzifungua hatuna, lakini nilitaka mama azishike tu.

Jumamosi moja nilitoka kuteka maji. Niliporudi, uani kunanuka plastiki. Mzee Zakayo, kiongozi wa maombi, amekuja na kikundi chake cha mfungo, na diski zangu zote ziko kwenye jiko la makaa, zinaimbiwa!

"Binti, umefunguliwa," akaniambia.

Nimefunguliwa! Nani alimwambia nimefungwa?

Ndugu zangu, nililia mpaka sauti ikakauka. Zilibaki siku tisa tu niionyeshe programu mbele ya walimu. Nikasema, kama Mungu ndiye huyu, basi na abaki naye Mzee Zakayo. Nilisema hivyo, sitii chumvi.

Mama akarudi kutoka kazini, akanisikiliza. Akafungua leso yake aliyofungia mzigo, akatoa daftari zangu mbili. Alikuwa amesikia tangu katikati ya wiki kwamba watu wanakuja kuchoma kazi yangu, naye akazipeleka kuzificha kazini, chini ya meza ya pasi. Diski hata hakuzijali! Kwake yeye kazi ilikuwa pale alipouona mkono wangu ukichoka. Mamangu hajui kusoma, lakini Mzee Zakayo anayesoma Biblia nzima hakujua kazi iko wapi.

Nikarudi chuoni. Wenzangu wakanipa zamu zao, wengine wakinisomea mistari nami nachapa. Siku ya tisa nikasimama mbele ya walimu, nikaulizia shati, na mashine ikasema liko chumba gani. Nikapita! Haleluya!

Asante Yesu! Mzee Zakayo, shikamoo, nakuona umeketi mbele. Bwana hakuniokoa na kompyuta, aliniokoa na moto wako. Na wewe mwenye mtoto anayesoma kitu usichokijua, usikimbilie kiberiti. Mtumaini Mungu, umtunzie daftari zake.

Mama, simama wakuone. Uani kwake ndiko mlikowasha moto bila hodi. Aliyekuwepo siku ile, na aje hapa mbele amwombe radhi. Mara hii namngoja.