Zohara Ben-Shushan, Aliyezuiwa Langoni

Marehemu Zohara Ben-Shushan alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 mjini Fes, Moroko, mtoto wa pili wa mzee Shimoni na Bi Freha, akaletwa hapa Tiberia akiwa na miaka minne, akasoma hadi sekondari, kisha chuo cha ualimu Yerusalemu, alikohitimu mwaka 1972.

Alifundisha Maandiko katika shule ya wasichana kwa miaka thelathini na moja, akafunga ndoa na Amram tarehe 3 Septemba 1974, wakajaliwa mabinti wawili, Tikva na Ilanit, akawalea huku akisahihisha madaftari jikoni, na dengu zikiungua.

Mwaka 1979 alifiwa na mama yake, na langoni mwa makaburi kaka yake Makhluf, wa chama cha mazishi, alimzuia, kama walivyozuiwa wanawake wote kufika kaburini, akisema, "Rudi nyumbani, dada, marabi wa kale wamesema Hawa ndiye aliyeleta kifo duniani," naye akamjibu, "Walisema hivyo wakieleza kwa nini wanawake hutangulia mbele ya jeneza! Sasa mbona mnatuweka nyuma?" lakini lango lilifungwa, na mama yake akazikwa huku Zohara amesimama barabarani.

Tangu hapo aliwafundisha wasichana maneno hayo ya marabi kuhusu Hawa bila kuyaficha, akiongeza kwamba marabi hao hao walisema Waisraeli walitoka Misri kwa sababu ya wema wa wanawake, na kwamba anayeshika neno moja akalificha la pili asijiite mwalimu. Wazazi wakalalamika, akaonywa, na mwaka 2003 akastaafishwa mapema.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, na juzi, akiwa hoi, aliwaambia mabinti zake, "Mkikubali kuachwa langoni nitafufuka niwachape," akafariki alfajiri ya leo, Jumatano tarehe 6 Novemba 2024.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopika wiki nzima, walimu wenzake waliosafiri kutoka Yerusalemu, na chama cha mazishi, ambacho sasa kinaongozwa na kaka yake Makhluf, aliye hapa mbele yetu, ambaye asubuhi hii, alipoombwa awaache mabinti wafike kaburini, alisema, "Hata kufa amekufa, bado ananibishia," na mpaka sasa hajasema ndiyo wala hapana.

Jeneza linanyanyuliwa sasa, funguo za lango anazo Makhluf, na Tikva na Ilanit wanatangulia.

Zohara, mwalimu wetu, pumzika kwa amani, kando ya mama yako.