Dozi ya Mwaka Mzima

Mimi ni Fundi Ilyasi, na benchi lililo mbele ya cherehani yangu hapa Nyakabanda, Kigali, nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri suruali zao, lakini wateja hawajawahi kulikalia. Limetekwa na watu watatu. Eustache, ambaye tunamwita Radiateri, anaziba radieta za malori kule chini barabarani. Silvère ni Dawa, kwa sababu anafagia dispansari na anajiona daktari. Léonidas ni Diksioneri. Amefundisha shule ya msingi miaka ishirini na ndiye anayesoma na kuandika barua za mtaa mzima. Siku hiyo, mwanzoni mwa Desemba 1993, Diksioneri alifika saa nane mchana na hakugusa termosi yangu ya kahawa, nikajua kuna jambo. Alishika barua ya Nasiri, kijana wa mtaa wetu aliye Ubelgiji. Mama yake Nasiri, ambaye hajui kusoma, alimpa asubuhi, na akitoka kuswali alasiri angepita asomewe, kisha jibu liandikwe. Diksioneri alikuwa ameshaisoma peke yake. Sasa alikuwa anaogopa kumsomea.

DIKSIONERI: Sikiliza vile anasema. "Mama, mimi iko nafanya kazi mu kiwanda ya umeme ya atomiki. Maji inazunguka mu mabomba kupoza ule moto. Inakula chuma pole pole, inatoa kutu ndogo kushinda unga. Ile kutu ikipita kwa moto ya atomiki inageuka, inaanza kuchoma watu bila kuonekana. Halafu inajificha mu kona za mabomba na mu matangi. Sisi ndio tunaingia kuisafisha."

RADIATERI: Kutu? Ingese hii ya kawaida? Mimi nakula ingese miaka kumi na tano. Angalia vidole.

DIKSIONERI: Ingese yako haipiti kwa atomiki.

RADIATERI: Inapita kwa Mercedes ya kutoka Mombasa. Moto ni moto.

DIKSIONERI: Ngoja, sha. "Unaingia dakika tatu, unatoka, mwenzako anaingia. Kwa kifua tuko na kidude ya kupima. Mimi nimemaliza dozi yangu ya mwaka mzima kwa wiki sita, sasa wamenikataza kuingia mpaka Januari."

Dawa aliweka kikombe chini.

DAWA: Rudia hapo. Dozi gani?

DIKSIONERI: Ya mwaka mzima.

DAWA: Kwa wiki sita? Yewe. Kwetu dispansari, mtu akimeza dozi ya wiki kwa siku moja tunamtapisha. Huyu amemeza ya mwaka. Huyu mtoto anaumwa, iko anamficha mama yake.

RADIATERI: Labda ni dawa ya kuzuia hiyo kutu.

DAWA: Ndiyo, na ni kali. Figo imeisha hapo.

DIKSIONERI: Dozi hapa si dawa. Ni ile sumu yenyewe. Wanaipima, ikifika kiasi fulani wanasema basi.

DAWA: Kumbe wanampimia mtu sumu, halafu wanamwambia asizidishe?

Diksioneri akatafuta mstari alipoishia. Mimi niliacha kukanyaga cherehani. Nasiri ndiye niliyemshonea kanzu yake ya kwanza ya Idi, na roho ilikuwa haijatulia tangu nisikie habari ya dakika tatu. Nilitaka mmoja wao aseme neno la maana. Nikapata haya:

RADIATERI: Sasa nimeelewa. Hiyo kutu iko hai. Moto umeiamsha. Na kwa damu ya mtu iko chuma, si ndiyo? Basi inaingia mu damu, inaanza kula mabomba ya mwili.

DAWA: Na akirudi je? Pale Kanombe hatatoka uwanja wa ndege. Hata akitoka, iko barieri za askari barabarani. Wakimwekea kile kidude cha kutafuta chuma, atalia kichwa mpaka kisigino. Watasema ameficha gurneti.

Hakuna aliyecheka. Mwaka ule gurneti, mabomu ya mkono, zilikuwa zimetupwa kwenye baa mbili tunazozijua.

DAWA: Na hii doa kwa barua ni nini?

Kweli, pembeni mwa karatasi kulikuwa na doa la rangi ya kutu. Radiateri, mla ingese wa miaka kumi na tano, alikuwa wa kwanza kuruka, benchi likainuka upande mmoja na Diksioneri akajikuta chini pamoja na barua. Dawa akaomba sabuni. Barua niliiokota mimi, nikainusa. Kahawa. Diksioneri alikuwa amekunywa kwa mtu mwingine kabla ya kuja kwangu.

FUNDI ILYASI: Malizia barua. Mama yake anakuja.

DIKSIONERI: "Mwaka mpya ikifika wanaanza kunihesabia dozi tena kwa sifuri. Wanataka nisaini mwaka mwingine. Nikikataa, kibali yangu inaisha mwezi wa tatu, narudi Kigali. Mama, sema wewe. Nisaini ao nirudi?"

RADIATERI: Abaki kule. Huku iko nini?

DAWA: Kule Arusha wamesaini amani, na askari wa amani wa ONU wamefika. Arudi.

RADIATERI: Wamesaini kwa karatasi. Mimi natengeneza malori, najua inabeba nini.

Hatukumwuliza inabeba nini. Kila mtu alimimina kahawa yake, na nilichukia jinsi tulivyokuwa waoga.

Mama Nasiri alifika na mwavuli wake, akasalimia, tukampisha katikati ya benchi. Diksioneri alimsomea yote, hakuruka hata mstari mmoja, na kwa hilo namheshimu. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Tulijiandaa kueleza kutu, moto na damu.

MAMA NASIRI: Mwalimu, anasema mwaka mpya wanaanza kumhesabia tena kwa sifuri.

DIKSIONERI: Ndiyo, Mama.

MAMA NASIRI: Na hii ya mwaka huu, ambayo imeshaingia mu mwili, itakuwa imekwenda wapi?

Diksioneri alifungua mdomo, akamtazama Dawa. Dawa akamtazama Radiateri. Radiateri akatazama vidole vyake. Mama akaokota mwavuli wake.

MAMA NASIRI: Hamjui. Basi hata wao hawajui. Andika asisaini. Arudi.

DIKSIONERI: Lini, Mama?

MAMA NASIRI: Kibali ikiisha. Mwezi wa nne awe hapa, nimuone kwa macho yangu.

Diksioneri akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: Aprili 1994, uwe nyumbani. Hata Radiateri hakubisha, ndiye aliyelamba bahasha na kuifunga. Barua niliipeleka posta mwenyewe kabla hawajafunga. Njia nzima nilikuwa na furaha, kwa kuwa mtoto wa watu tulikuwa tumemtoa kwenye hatari.