Nafasi ya Tatu kwenye Jiwe la Malskär

Ingegerd Wallstam alianza kusema saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya Watakatifu Wote, katika nyumba ya wazee mjini Härnösand. Alikuwa na miaka themanini na sita. Watoto wake wawili walikuwepo: Sixten, aliyekaa karibu na kitanda, na Tyra, ambaye hakuvua koti. Tyra alikuwa amepanga kuondoka saa sita ili awashe mshumaa wa baba yake katika Msitu wa Ukumbusho kabla giza la mapema la Novemba halijaingia. Msitu huo wa kuzikia majivu mama yake, msanifu wa bustani, ndiye aliyeuchora: misonobari, njia ya kokoto inayoshuka hadi kwenye kidimbwi cha maji meusi, na majivu ya watu zaidi ya mia tisa yaliyozikwa bila jina wala alama. Kanuni ya pale ilikuwa moja. Wafanyakazi wa makaburi huzika peke yao, na jamaa hawaambiwi mahali.

"Sikilizeni, wanangu, na wewe Sixten uache kuniambia nipumzike, kwa maana kupumzika nitapumzika sana, na pumzi niliyobaki nayo si ya kupoteza. Nyumba ya Nordingrå ni yako, pamoja na meza yangu ya kuchorea na ile mitufaha ambayo hujawahi kuipogoa. Michoro yote inakwenda makumbusho, wameshaniandikia. Wewe Tyra nitakufikia, usitazame saa. Baba yako hana pa kwenda.

"Miaka ishirini na tatu mmeamini kwamba baba yenu Folke alichagua mwenyewe kulala kwenye msitu wangu. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo, jikoni, siku ya tatu baada ya kifo chake, huku nikikata mkate, Sixten akalia, na Tyra akasema ni jambo zuri, linafanana na baba. Halikufanana naye hata kidogo. Yule alikuwa fundi wa injini za kivuko, mtu wa kuandika jina juu ya kila kopo la misumari katika banda lake la mashua kule kisiwani Malskär, hata kopo lililokuwa tupu aliandika kwamba ni tupu. Alitaka kulala kisiwani na wazazi wake, chini ya lile jiwe ambalo babu yenu aliagiza liachiwe nafasi ya tatu chini ya majina mawili, ikasuguliwa kabisa, tayari. Aliniambia mara mbili hospitalini. Mara ya tatu aliandika, kwa kuwa koo lilikuwa limeshafunga, na karatasi ile niliitia kwenye jiko la kuni."

Tyra aliuliza karatasi ilisemaje. Mama yake alimtazama kama mtu aliyekatizwa mkutanoni.

"Malskär. Neno moja, na nukta akaweka.

"Mnakumbuka msitu ulivyokuwa mwaka ule. Aprili tumekata utepe, na mpaka Juni hakuna maiti hata mmoja. Watu walikuja na mbwa. Mchungaji Levander akasimama mbele ya halmashauri nzima ya parokia akasema, 'Ingegerd, umetujengea bustani nzuri sana ya watu wazima wa afya,' nao wakacheka, hata wale niliowapikia. Watu wa pwani hii walikuwa wanasema hawazikwi kama paka. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Nilijua wa kwanza sharti atoke nyumbani kwangu, na Folke akafa wakati unaofaa. Maiti haulizwi sanda. Kabla ya Krismasi walikuwa arobaini na mmoja. Siombi msamaha, Tyra, rudisha hicho kitambaa mfukoni.

"Sasa la kwangu. Mimi msituni siendi. Nilichora mahali ambapo jicho halina pa kutua, nikazunguka kwenye mihadhara nikisema kwamba huzuni isiyofungwa kwenye jiwe itakuwa huru, itatembea. Nimetembea nayo miaka ishirini na tatu. Nimesimama pale kidimbwini nikazungumza na kokoto, nikageuka nikazungumza na mti, na siku moja nikagundua kwamba nimemsimulia ugomvi wangu na Levander maiti nisiyemjua, pengine Levander mwenyewe, maana naye yumo humo. Wengine wamefarijika pale, wananiandikia barua, nawashukuru. Mganga hajigangi. Mimi nataka jiwe. Nataka jina la kuchongwa na tarehe zote mbili, na jiwe jipya mjini silitaki, upweke wake naujua kabla sijaufikia. Nataka lile la Malskär. Nafasi ya tatu iko wazi, na mwenyewe hana haja nayo tena."

Tyra alisimama.

"Kaa. Hati ya kaburi lile ilitoka kwa shangazi yako ikaja kwako, nami siingii pale bila sahihi yako. Ningeweza kuingia, nisingekuita. Na usijidanganye kwamba utamhamisha baba yako. Hakuna anayejua alipo. Ndivyo nilivyochora. Ukisaini, banda la mashua ni lako na makopo yake yote. Usiposaini, Sixten ataliuza kwa Mjerumani wa kwanza atakayepita, tumeshakubaliana."

Sixten alisema walizungumza juu juu tu.

"Tulikubaliana. Fomu iko kwenye droo... ya juu. Mengine yote nimeshajaza. Herufi ziwe nyembamba, zisipakwe dhahabu, na msinichongee njiwa. Mchongaji awe yule wa Kramfors. Huyu wa hapa... mkono mzito. Sixten, uwe na afya, na mitufaha... uipogoe mwezi wa tatu, si wa tano. Tyra, na wewe nakubariki, ingawa hukuniomba. Ulikuwa mtoto wa baba yako tangu... tangu siku ya kwanza, nami sikukupigania. Mungu akupe... Fungueni dirisha. Kidogo. Basi."

Tyra alifungua dirisha. Kisha akafungua droo, akachukua fomu, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwa koti. Saa sita aliondoka.

Ingegerd alifariki Jumatatu alfajiri. Wiki ile Sixten alimpigia dada yake simu mara nne, na mara ya nne akapokewa. Alisema mama alikuwa amesema wazi anachotaka. Tyra alimjibu kwamba baba pia.

Mwishoni mwa Novemba mchongaji wa Kramfors alivuka kwenda Malskär, akachonga jina la Folke katika nafasi ya tatu. Maombi ya kumzika mama yao msituni yalihitaji sahihi za watoto wote wawili. Sixten alisaini Februari, baada ya Tyra kumwachia haki yake katika banda la mashua. Mkebe wa majivu ya Ingegerd ulingoja ghalani mpaka barafu ya ardhini iyeyuke. Jumanne, tarehe kumi na mbili Mei, saa mbili asubuhi, mfanyakazi mmoja wa makaburi aliuzika. Kazi ilichukua dakika ishirini.